Ukienda Kusikiliza Kwateti Bigwa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Bigwa haina ukumbi uliojengwa kwa ajili ya muziki wa kiklasiki. Ina kumbi za parokia, ina makanisa, ina madarasa ya vyuo, na nyingi ya hizo zimeezekwa kwa mabati. Humo ndimo watakamokaa wapiga ala wanne wa kwateti, wenye fidla mbili, viola na chelo, bila kipaza sauti, bila spika, bila fundi mitambo. Sauti yote utakayoisikia itatoka kwenye mbao na nyuzi zilizo mbele yako. Ndiyo sababu kanuni zifuatazo ni kali. Kwenye dansi spika humeza kelele za watu mia tano. Hapa mtu mmoja anayefungua karatasi ya pipi anatosha kuharibu kazi iliyofanyiwa mazoezi kwa miezi. Nawaandikia watu wa Bigwa, Mgolole, Kingolwira na mjini Morogoro, na hasa wale wanaoandaa maonyesho ya namna hii, maana makosa mengi huanzia kwao.

Muziki ninaouzungumzia ni wa vikundi vidogo, watu wawili hadi wanane hivi, wanaopiga kazi zilizoandikwa kwa nota na watunzi wa karne ya 20 na wa leo. Hauna mdundo wa kukuinua kitini, na mara nyingi hauna wimbo wa kuondoka nao mdomoni. Unadai kitu kimoja kwako: masikio yako yote kwa saa moja au zaidi kidogo. Asiyeweza kutoa hicho amwachie mwingine kiti.

FIKA KABLA YA SAA ILIYOTANGAZWA. Kutoka mjini hadi Bigwa si mbali, lakini daladala husubiri kujaa na bodaboda hawapatikani kila unapowataka. Hesabu muda huo ukiwa nyumbani. Ukikuta wameshaanza, kaa nje mpaka kipande kiishe na makofi yapigwe. Usiombe upite "mara moja tu". Usiingie kwa kunyata pia: mlango wa chuma unalia, kiti cha plastiki kinakwaruza sakafu, na watu ishirini wanageuza shingo kukutazama. Hata kama rafiki yako amekushikia nafasi safu ya mbele, kaa nyuma mpaka mapumziko.

WAANDAAJI, MSIMSUBIRI MGENI RASMI. Hili ndilo kosa linalotuumiza kuliko yote na tumelizoea mno. Watu wamefika, wapiga ala wameshalinganisha nyuzi, kisha tunatangaziwa kwamba mheshimiwa yuko njiani. Nyuzi hazisubiri mheshimiwa. Kwenye joto na unyevu wetu fidla huanza kupoteza mlingano ikikaa tu, na vidole vilivyopashwa moto kwa mazoezi hupoa. Anzeni kwa saa. Mgeni rasmi akichelewa, aingie wakati wa mapumziko kama mwananchi mwingine yeyote, naye akielezwa mapema ataelewa. Hotuba ikiwa lazima iwepo, iwe mwisho, iwe fupi, na isitanguliwe na orodha ya waliohudhuria. Msiweke meza kuu yenye chupa za maji hatua mbili kutoka kwa mpiga viola. Chupa ya plastiki ikiminywa inalia kuliko ala. Msiweke MC wa kuchangamsha watu kati ya kipande na kipande. Wala msipige muziki wa spika ukumbini kabla ya onyesho, kwa kuwa sikio lililotoka kupigwa na besi ya spika halisikii chelo inaponong'ona.

WAANDAAJI TENA: PANGENI SAA KWA KUANGALIA ADHANA, KENGELE NA MVUA. Morogoro ni mji wa misikiti na makanisa. Onyesho linaloanza saa kumi na mbili jioni litakutana na adhana ya magharibi, nanyi mtakuwa mmewakosea watu wawili: Mwislamu aliyelipa kiingilio na sasa lazima atoke kuswali, na mtunzi ambaye kazi yake imekatwa. Anzeni saa kumi na nusu, baada ya alasiri, mmalize kabla jua halijazama, na watu warudi nyumbani daladala zikiwepo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, msipange kabisa onyesho chini ya mabati yasiyo na dari. Mvua ya Uluguru ikianza kupiga, hata mpiga ala hasikii upinde wake mwenyewe. Tafuteni jengo lenye dari, au subirini Juni.

ZIMA SIMU. Nasema zima, sisemi weka mtetemo. Simu inayotetemeka juu ya benchi la mbao inavumisha benchi zima, na walioketi nawe wanaisikia mifupani. Usirekodi, usipige picha, usirushe mubashara. Mwanga wa kioo cha simu unamvuta macho kila aliye nyuma yako, nawe mwenyewe unaacha kusikiliza unaanza kushika simu isicheze. Ukitaka kumbukumbu ya sauti, waombe wapigaji baada ya onyesho. Wengi wana rekodi zao, zilizo bora kuliko yako.

USIPIGE MAKOFI MPAKA KAZI IISHE. Kazi moja huwa na sehemu tatu, nne, hata nane, na kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi. Kimya hicho ni sehemu ya kazi. Ni mali ya mtunzi. Karatasi ya programu inaorodhesha sehemu, basi zihesabu. Ukipotea, tazama mkono wa kulia wa mpiga fidla ya kwanza. Upinde ukiwa bado hewani, kazi haijaisha hata kama husikii kitu. Ukishuka hadi pajani, mabega yakalegea, na wote wanne wakatazamana, hapo piga makofi kwa nguvu zako zote. Usiwe wa kwanza kama huna hakika.

NOTI ZIKAE MFUKONI, VIGELEGELE VINGOJE. Kwenye taarabu kumtunza mwimbaji ni heshima, na asiyeinuka huonekana bahili. Kwenye ngoma, mtazamaji asiyeitikia ni kama hayupo. Na huu ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ambapo bendi ikipiga watu waliijibu kwa miguu. Sitaki mtu wa Bigwa azionee haya desturi hizo. Ziko mahali pake na zinafanya kazi yake. Lakini hapa nafasi ya kuitikia iko mwishoni. Usiinuke katikati ya kipande ukambandike mpiga chelo noti kwenye paji la uso: mikono yake yote miwili iko kazini na macho yake yako kwenye nota. Kazi ikiisha, piga vigelegele ukipenda. Hakuna mpigaji atakayechukia.

USISEME MUZIKI HUU NI WA WAZUNGU. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu neno hili husemwa na watu wazima, waliosoma, tena bila kusikiliza hata kipande kimoja.

Mwaka 1988 Mganda Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, aliandika kwateti yake ya kwanza ya nyuzi. Aliiita Mu Kkubo ery'Omusaalaba, jina la Kiganda linaloelekeza kwenye Njia ya Msalaba, ambayo kila Mkatoliki wa Bigwa ameizunguka siku za Ijumaa za Kwaresima. Sehemu yake ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet ya San Francisco, Marekani, kwenye albamu ya Pieces of Africa iliyotoka mwaka 1992. Albamu nzima ni kazi za watunzi wenye asili ya Afrika, toka Nubia, Zimbabwe, Ghana, Moroko, Gambia, Afrika Kusini na Uganda, na iliongoza kwa pamoja orodha mbili za Billboard, ya muziki wa kiklasiki na ya muziki wa dunia. Katika kazi ya Tamusuza fidla hutoa sauti inayokumbusha endingidi, zeze la Waganda lenye uzi mmoja, na mapigo yanapishana kwa namna ya amadinda. Amadinda ni marimba ya mbao 12 inayopigwa na watu watatu: wawili hukaa wakitazamana, pigo la mmoja likiangukia kwenye nafasi iliyoachwa na mwenzake, kwa kasi, mpaka msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Jambo hilo hilo Tamusuza analifanya kwa ala nne za Ulaya.

Mtu anayelijua zeze la Wagogo, aliyemsikia Hukwe Zawose na marimba yake, au aliyekulia milimani kwenye filimbi za mbeta za Waluguru, ana masikio tayari. Anayeyaziba kwa neno "Wazungu" anajinyima mwenyewe.

Wala usiende upande wa pili. Usikae ukisubiri ngoma itokee ndani ya kila kazi, na isipotokea ukasema mtunzi amepotea. Kazi ya Mhungaria au ya Mjapani ina haki ya kuwa ya kwao.

SIKILIZA KAMA MWANAKWAYA. Huku kwetu karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kuimba kwaya, na hiyo ni faida ambayo wasikilizaji wengi wa miji mikubwa hawana. Fidla ya kwanza ichukulie kama sauti ya kwanza, fidla ya pili kama sauti ya pili, viola kama sauti ya tatu, chelo kama besi. Kipande kikianza, usijaribu kushika yote. Ifuate sauti moja tu, tuseme viola, ambayo watu huisahau, uone inakokwenda, inapokaa kimya, inapomnyang'anya mwenzake wimbo. Baada ya dakika chache hamia kwa nyingine. Mwanakwaya ameshafanya hivi mara nyingi bila kujua, pale alipokuwa akijifunza solfa ya sauti yake huku wenzake wakiimba zao. Asiyesoma nota asiogope. Kazi hii haihitaji nota, inahitaji kutulia.

Sauti zikigongana na kukwaruzana, usikimbilie kusema wamekosea. Mtunzi ameziandika hivyo. Jiulize zinatoka wapi na zinaelekea wapi. Mara nyingi mgongano huo unashikiliwa kwa makusudi ili pale unapoachiliwa uusikie mwili mzima.

USICHEKE MPIGAJI ANAPOFANYA USIYOYATEGEMEA. Katika kwateti ya nne ya Béla Bartók, ya mwaka 1928, wapigaji wanavuta uzi kwa nguvu mpaka unarudi na kupiga ubao kwa kishindo. Uzi haujakatika. Katika Black Angels ya Mmarekani George Crumb, iliyokamilika Machi 1970 wakati wa vita ya Vietnam na kujengwa juu ya namba 7 na 13, ala zinatiwa umeme, wapigaji wanagonga tamtamu, wanakwaruza bilauri kwa upinde zikalia, na wanahesabu kwa sauti kwa lugha kadhaa: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungaria, Kijapani na Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya David Harrington aanzishe Kronos Quartet mwaka 1973 baada ya kuisikia redioni. Siku ukiisikia kwa masikio yako mwenyewe na lugha yako ikatokea katikati ya kelele za vita, najua kicheko kitakuja kooni. Kizuie. Watu wale wanne wanaomboleza.

NYAMAZA KWELI. Kunyamaza si kufunga mdomo tu. Kohoa kabla hawajaanza, na ukihisi kikohozi kinakuja wakati wa muziki, kifunike kwa leso na usubiri sehemu yenye sauti kubwa. Karanga, bisi na maji viishie mlangoni. Mfuko wenye vitu uweke chini tangu mwanzo, usianze kuupekua. Bangili nyingi mkononi zivue uzitie mkobani. Usimnong'oneze jirani hata kama ni maelezo ya maana, mweleze mapumziko.

Nitaeleza kwa nini. Mwaka 1941, tarehe 15 Januari, katika baridi kali ya kambi ya wafungwa wa vita ya Stalag VIII-A huko Görlitz, Mfaransa Olivier Messiaen na wafungwa wenzake watatu walipiga kwa mara ya kwanza kazi yake ya sehemu nane iitwayo kwateti ya mwisho wa wakati, kwa fidla, klarineti, chelo na piano. Wafungwa na walinzi walisikiliza pamoja. Sehemu ya tatu ni klarineti peke yake. Humo kuna sauti ndefu zinazoanza kwenye kimya kabisa, zikakua polepole hadi kuwa ukelele unaojaza chumba, kwa pumzi moja. Mwanzo wa sauti hiyo haupo kama chumba hakina kimya. Unaweza kuwa umelipa kiingilio, umekaa mbele, na bado usiusikie, kwa sababu tu mtu wa safu ya tatu alikuwa anatafuta funguo. Waliokuwa kambini, wenye njaa, waliweza kukaa kimya. Sisi tuliokula mchana hatuna kisingizio.

Kuna watakaonijibu kwa kumtaja mtunzi John Cage na kazi yake ya kimya. Ni kweli kwamba tarehe 29 Agosti 1952, huko Woodstock, jimbo la New York, mpiga piano David Tudor alikaa mbele ya piano kwa dakika nne na sekunde 33 bila kupiga hata sauti moja, na Cage alisema baadaye kwamba palikuwa na muziki mwingi: upepo nje, kisha matone ya mvua juu ya paa, kisha watu wenyewe wakizungumza na kuondoka. Lakini Cage alikuwa akiwafundisha watu kusikiliza, na anayesikiliza hafanyi kelele. Manyunyu yakianguka juu ya mabati ya Bigwa katikati ya onyesho, yapokee, hakuna aliyeyatuma. Mlio wa simu yako umetumwa na wewe.

LETA WATOTO. Mtoto wa miaka saba au minane anayeona chelo kwa karibu hataisahau. Keti naye kando, karibu na mlango, na akichoka toka naye polepole kati ya sehemu na sehemu. Mama mwenye kichanga asifukuzwe wala asikodolewe macho. Awekewe kiti cha mwisho karibu na mlango na mtu wa kumfungulia. Nawakemea zaidi watu wazima wanaopiga soga kuliko mtoto anayelia, kwa kuwa mtoto hakupewa kanuni hizi.

USIJIFANYE UMEIPENDA KAZI. Kama haikukuingia, kaa mpaka iishe, piga makofi ya heshima kwa jasho la wapigaji, kisha sema wazi kwamba haikukuingia. Usitoke katikati, na usitikise kichwa kama mjuzi wakati umechoka. Kazi hizi zinahitaji kusikilizwa mara ya pili na ya tatu, na anayekiri hakuelewa mara ya kwanza ndiye atakayerudi.

LIPA KIINGILIO. Usitafute njia ya kupita kwa sababu unamfahamu katibu wa kwaya. Wapiga ala wamesafiri, na nyuzi za chelo ni ghali mno.

USIGUSE ALA BILA RUHUSA. Onyesho likiisha watu husogea mbele, na hiyo ni haki yao. Tazama, uliza, waombe wakuonyeshe. Lakini fidla iliyoachwa juu ya kiti usiinyanyue, na upinde usiushike kwenye nywele zake. Nywele hizo ni za mkia wa farasi, zimepakwa utomvu mkavu wa msonobari ili ziushike uzi. Mafuta kidogo ya kidole yanatosha kuzifanya ziteleze, na pale zilipoguswa upinde hautoi sauti tena mpaka zisafishwe au zibadilishwe. Fundi wa kuzibadilisha Bigwa hayupo.